Mlezi wa Kadogo

Balaa lote la nyumba ile lilitokana na kiambishi kimoja. Bi Upo angesema "kimetelekezwa", mama mkwe wake angeendelea kushona kifungo chake kwa amani, na shangazi wa watu asingepandishwa ngazi hadi ghorofa ya tatu na magoti yale. Lakini alisema "ametelekezwa". Tena alisema kwa sauti, mlango wa roshani ukiwa wazi, simu kaibana kwa bega huku anaanua nguo.

"Ametelekezwa, Katibu, hilo halina ubishi. Mlezi wake nimemwandikia, nikarudia, nikamwandikia tena. Kapiga kimya. Na mwenyewe Kadogo ana kasoro saba, hakuna anayezishughulikia. Basi. Ijumaa saa sita mchana namtangaza yatima, anayetaka kumchukua ajitokeze."

Sebuleni, sindano ilisimama hewani.

"Ndiyo, mlezi ni yule yule," Bi Upo aliendelea, akikunja shuka kwa kidevu. "Kamba ya Chuma. Sijui yuko wapi siku hizi."

Hapo alidanganya, na uongo wake ulimchoma yeye kwanza. Kamba ya Chuma alikuwa chumbani amelala chali, soksi moja mguuni, nyingine hajui iko wapi. Alikuwa mumewe. Na aliyekuwa na sindano sebuleni alikuwa mama mzazi wa huyo Kamba ya Chuma, aliyelijua jina hilo tangu siku mwanawe alipopewa na mafundi wenzake wa lifti.

Kadogo, ieleweke mapema, si mtoto. Kadogo ni programu ya kompyuta, ndogo kama jina lake, na kazi yake ni moja: kukata maneno mwishoni mwa mstari. Mtu akiandika kitabu, neno refu likagonga ukingo wa ukurasa, Kadogo ndiye anayeamua likatwe wapi, nusu ibaki juu na nusu ishuke chini. Ni kazi ambayo msomaji haioni ikifanywa vizuri. Ikifanywa vibaya, huiona mara moja.

Kadogo anaishi kwenye jumuiya ya watu wa kujitolea, waliotawanyika huku na huko duniani, ambao hutengeneza programu na kuzigawa bure. Kila programu hufungwa kwenye kifurushi, na kila kifurushi kina mlezi wake wa kukitazama, kukirekebisha na kuwajibu wanaolalamika. Tabu ni kwamba walezi ni watu. Wanaoa, wanahama kazi, wanachoka, wengine wanasusa. Mlezi akishaondoka bila kuaga, kifurushi hubaki pale pale kikichakaa, na wanaokitumia hawajui wamlilie nani. Ndipo anapoingia Bi Upo. Kazi yake katika jumuiya ni kuwasaka walezi waliopotea na kuwaandikia kwa adabu, na kwa kuwa kila barua yake huanza na neno "Upo?", watu wa jumuiya wakampachika jina hilo. Mchana hukaa mapokezi ya zahanati, ambako pia huwapigia simu wagonjwa waliokacha siku zao za kuja. Kumtafuta mtu aliyejificha bila kumkasirisha ni kipaji, na yeye alijaliwa.

Sasa, kisarufi kifurushi kinatelekezwa, kinaumwa, kinatafutiwa mlezi. Lakini watu wa jumuiya wamewazoea mno hawa wadogo zao. Husema "anaumwa", "ametelekezwa", "nani atamlea?" Hakuna anayeshangaa, kwa sababu kwenye mikutano yao hakuna mama wakwe.

Bi Upo hakukaa kimya nyumbani, mwenye kumlaumu asimlaumu kwa hilo. Alishamweleza mumewe ana kwa ana, jana yake tu, mezani, bwana akichovya mkate kwenye chai.

"Fundi," alimwita, maana ndivyo alivyomwita akitaka jambo. "Toleo jipya linatoka. Kadogo asipopata jibu lako atatolewa."

"Atolewe."

"Niandikie mistari miwili tu. Sema unaendelea, au sema umeacha. Lolote."

"Wewe si ndiye unayeandika? Andika umenikosa."

"Nimekukosaje na unakunywa chai yangu?"

Fundi alicheka kwa pua, kisha uso ukakunjika, kama unavyokunjika kila jina la Kadogo linapotajwa. Alisukuma kikombe. "Kanuni zenu zinasema mlezi ajibu mwenyewe kwa maandishi. Mimi sijajibu. Basi sipo."

Alikuwa mcheshi yule bwana. Huimba akipanda ngazi za jengo lao, ambalo halina lifti, jambo linalowafurahisha sana majirani wakikumbuka kazi yake. Lakini miaka mitatu iliyopita alifunga sanduku lake la barua pepe na hakulifungua tena, na mkewe hakuwahi kuambiwa kwa nini. Aliuliza mara ya kwanza akajibiwa "nimechoka". Mara ya pili akajibiwa kwa kimya. Tangu hapo, jina la Kadogo lilipojitokeza kwenye orodha ya waliopotelewa na walezi, Bi Upo aliliruka, na moyo wake ukamsuta. Safari hii Katibu wa jumuiya alimwona Kadogo kwa macho yake mwenyewe, akauliza. Sasa mambo yalikuwa hivi: ama mume ajibu kabla ya saa sita ya Ijumaa, ama mke aandike kwa mkono wake, mbele ya jumuiya nzima, kwamba mtu anayelala naye kitanda kimoja hajulikani aliko.

Mama mkwe alimaliza kushona kifungo chake. Alikishonea kwenye sketi yake mwenyewe aliyoivaa, akazikata nyuzi kwa meno, akaanza upya.

Ana mtoto, alijisemea. Mwanangu ana mtoto, na kamtelekeza.

Alikaa na wanawe hawa tangu walipooana, na mwaka wa kwanza aliuliza habari za mjukuu kila Jumapili. Mwaka wa pili alimwona mkwe wake akitoka zahanati, si kwa kazi, akiwa na macho mekundu, na kuanzia siku hiyo hakuuliza tena. Alifunga mdomo na kuufungua kwa mambo mengine, kama bei ya sabuni. Sasa anasikia kuna mtoto duniani, ana kasoro saba, na Ijumaa mke wa baba yake atamtangaza kama chumba cha kupanga.

Alikasirika, kweli. Alimkasirikia mwanawe mpaka akaona kizunguzungu. Lakini chini kabisa ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, na mama huyu hakuwa mtu wa kujidanganya: alifurahi. Alifurahi hata akajionea haya. Alisimama, akaenda chumbani kwake, akasogeza kitanda chake hadi ukutani ili pabaki nafasi ya kitanda kingine. Halafu akashika simu akampigia kaka yake, akampigia na wifi yake.

"Kesho alasiri," aliwaambia wote wawili. "Usiniulize. Njoo tu."

Bi Upo alirudi kutoka kazini Alhamisi akiwa hoi, akakuta viatu vingi mlangoni kuliko kawaida. Sebuleni, shangazi wa mumewe alikuwa amejaza kochi, miguu juu ya stuli, akijipepea na gazeti. Mama mkwe alikaa pembeni, mikono mapajani. Kwenye kiti cha mbele alikaa mjomba, ambaye enzi zake alichezesha mpira wa miguu na hajawahi kustaafu moyoni. Filimbi ilikuwa inaning'inia kifuani. Na katikati, kwenye kigoda, akiwa bado na ovaroli yenye grisi, alikaa Fundi kama kuku aliyenyeshewa.

"Shikamooni," Bi Upo alisema.

"Marahaba. Kaa, mke wetu," alisema shangazi kwa sauti ya msibani. "Pole, mwanangu. Mwanamke umeumbwa na moyo."

"Pole ya nini, shangazi?"

Mjomba alipuliza filimbi, si kwa nguvu, ya ndani ya nyumba. "Kikao kimeanza. Hakuna kumkatiza mwenzako. Mpwa wangu, swali ni moja na ujibu kiume. Unamjua Kadogo?"

Fundi aligutuka. Alimgeukia mkewe, uso umejaa lawama. "Umeyafikisha haya kwa mama?"

"Mimi?" Bi Upo alikuwa hajui mbele wala nyuma.

"Usimuulize mkeo!" mjomba alifoka. "Unamjua, humjui?"

"Namjua."

"Ni wako?"

Fundi alishusha pumzi. "Ni wangu, mjomba. Siwezi kumkana."

"Jamani, jamani," shangazi alisema, akaongeza kasi ya kujipepea.

"Umri wake?"

"Anaingia mwaka wa sita."

Mjomba alihesabu kwa vidole. "Kabla ya ndoa! Hilo ni goli la kabla ya mechi kuanza, nalo tutalijadili. Mara ya mwisho kumtazama ni lini?"

"Miaka mitatu sasa."

Mama alifunika uso kwa kitambaa. Shangazi aliegemea mbele, na kochi likalia. "Na mama yake ni nani? Tunamjua?"

"Mama yake?" Fundi alichanganyikiwa kidogo, lakini alikuwa na hatia nyingi mno kuweza kufikiri sawasawa. "Hana mama, shangazi. Nilimtengeneza peke yangu."

"Peke yako!"

"Kila siku baada ya kazi. Kidogo kidogo, watu wakishalala."

"Ndiyo," alisema shangazi polepole, "wakati huwa ni huo. Ila peke yako ndiyo mara ya kwanza kusikia."

Hapo ndipo taa ilipowaka kichwani mwa Bi Upo. Aliona roshani, nguo, simu begani, mlango wazi. Alimwangalia mama mkwe, akaona kupitia mlango wa chumba chake kitanda kilichosogezwa ukutani. Alifungua mdomo aseme: jamani, ni programu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Akaufunga. Kwa miaka mitatu alikuwa amemuuliza mume huyu kwa upole, kwa ukali, kwa chai na kwa barua rasmi, na hakuambulia kitu. Sasa kakalishwa kwenye kigoda na anajibu moja baada ya jingine. Bi Upo aliuma ncha ya mtandio wake na kutulia. Alijua atalilipia jambo hili, hasa kwa mama. Lakini alitaka kusikia.

"Anaumwa?" mama aliuliza, kitambaa bado usoni.

"Ana kasoro, mama. Saba zinazojulikana."

"Saba! Na wewe umekaa unakula mkate!"

"Na kuna wengi wanamtegemea," Fundi aliongeza, kwa sababu mtu akianza kuungama hutoa yote. "Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wachapishaji wa vitabu vya shule, wote wanamtegemea yeye. Anafanya kazi usiku na mchana."

Mjomba alipuliza filimbi ile ya uwanjani. Dirisha la jirani lilifunguliwa. "Mtoto wa miaka mitano anafanyishwa kazi kiwandani! Na ninyi mnajua! Shemeji, nipe simu, hili limetoka kwenye ukoo, ni la polisi!"

"Ngoja, kaka," mama alisema. Alishusha kitambaa. Alimtazama mwanawe kama alivyokuwa akimtazama zamani akirudi na shati lililochanika. "Nijibu mimi sasa. Hukulelewa hivi. Kwa nini ulimwacha?"

Fundi aliangalia mikono yake yenye grisi.

"Alinitia aibu, mama."

"Mtoto hamtii mzazi aibu ya kumfanya amtupe."

"Alinitia. Mbele ya watu wote." Alisugua grisi kidoleni. "Alikata neno vibaya."

"Alikata nini?"

"Neno. 'Kunyamaza'. Kilikuwa kitabu cha hadithi cha darasa la nne, kimeshachapwa, kimeshasambazwa shule kibao. Mwisho kabisa wa ukurasa, chini, pameandikwa: 'Mwalimu alikasirika, akawaamuru wanafunzi wote kunya'. Kistari. Unafungua ukurasa wa pili, ndipo unakuta 'maza'."

Shangazi aliacha kujipepea.

"Na kwa kanuni za silabi hakukosea! Ku, nya, ma, za. Pale panakatika. Nilimfundisha hivyo mimi mwenyewe. Lakini watoto wa shule wakabeba kile kitabu, wazazi wakakipiga picha, ikaletwa kwenye jumuiya. Mtu mmoja akaandika, 'Huyu Kadogo amelelewa chooni?' Wakacheka wote. Wasomi watupu wale, mama, wana vyeo, na mimi ni fundi wa lifti niliyejifunza mwenyewe. Nikaona wamenijua. Wamejua kwamba sikustahili kukaa pale tangu mwanzo. Nikafunga sanduku la barua. Kila nikitaka kulifungua naliona lile neno."

Alijipangusa jicho kwa kiwiko na kujipaka grisi. Bi Upo aliiachia ncha ya mtandio. Miaka mitatu, kumbe kwa ajili ya neno moja, na yeye anadhani labda kosa ni lake.

"Subiri," mjomba alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio mbovu. "Kadogo alikata neno. Kwenye kitabu. Kwani Kadogo ni nani?"

"Si programu yangu, mjomba? Ya kompyuta. Kwani tunamzungumzia nani?"

Gazeti la shangazi lilidondoka. Mjomba alimtazama dada yake, dada akamtazama mkwe, na mkwe akainuka, akaenda kupiga magoti karibu na mama huyu na kumshika mikono.

"Ni programu, mama. Kifurushi. Kule tunaviita yatima vikikosa mlezi. Ulinisikia kwenye simu, na mimi nilikuwa najisemea tu ovyo. Nimelijua hilo hapa hapa kikaoni nikakaa kimya, maana nilitaka aseme kilichomsibu. Nisamehe."

"Kwa hiyo hakuna mtoto," mama alisema.

"Hakuna, mama."

"Nimeshahamisha kitanda."

"Nimeona."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, taratibu. Machozi mawili yalishuka na hakuyafuta. Alimpapasa mkwe wake kichwani juu ya mtandio, kama kwamba aliyehitaji kupozwa ni huyo, na kweli alihitaji. Walikuwa hawajalisema jambo hili la mtoto wao wawili hata siku moja, na sasa walikuwa wamelisema, na dari haikuanguka. Bi Upo alilaza shavu kwenye goti la mama na kukaa hapo.

Kisha goti likaanza kutikisika.

Alidhani mama analia. Aliinua uso akaona mama amebana midomo, mashavu yamevimba, macho yamemtoka.

"Hebu rudia," mama alisema kwa tabu. "Mwalimu aliwaamuru wanafunzi wote wafanye nini?"

"Mama!"

"Rudia, nimekuzaa mimi."

"Kunya," alisema Fundi kwa unyonge.

"Wote?"

"Wote."

"Na wakageuza ukurasa wakiwa wanasubiri maelezo!"

Mama alipasuka. Alicheka akapiga paja, akacheka akainama, akacheka bila sauti, ile ya hatari. Shangazi alipokea, na kochi likapokea kwa shangazi. Mjomba alijaribu kupuliza filimbi kurudisha nidhamu, kicheko kikamtokea humo humo ndani ya filimbi, ikatoa mlio wa bata, na hapo hakuna aliyebaki mzima. Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Alitaka kukasirika. Mdomo ulimsaliti pembeni, akaukaza, ukamsaliti tena, na ghafla bwana yule alianguka kutoka kwenye kigoda akacheka sakafuni na ovaroli yake, akishika mbavu, akisema "maza, maza," mpaka akakosa pumzi. Bi Upo hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mwaka ule. Alikisikiliza kwa mwili mzima.

"Lakini mbona si hilo tu," alisema shangazi alipoweza kusema. "Jambazi je? Polisi wamemkamata jamba. Kistari."

"Shangazi!"

"Gazeti la juzi hilo! Nililiona mwenyewe nikadhani macho."

"Kufaulu," mjomba alidakia. "Mwanafunzi huyu ana uwezo mkubwa wa kufa."

"Kunyang'anya," alisema Fundi akiwa bado sakafuni.

"Kufanikiwa!" mama alipiga kelele. "Kadi ya harusi ya yule jirani wa chini! Tunawatakia kufa! Nikasema hawa wanawatakiaje maharusi mambo haya?"

Kisha shangazi alimvuta Bi Upo akamnong'oneza moja sikioni, neno la kawaida kabisa ambalo watu hulitumia wakimaliza shughuli, ila likikatwa baada ya silabi ya pili, basi. Bi Upo aliruka kama aliyeguswa na umeme na akakataa katakata kulirudia. Mjomba alidai alisikie kama mwamuzi. Hakuambiwa.

Fundi alikuwa ameketi sasa. Macho yalikuwa yanakimbia. "Kanuni ya silabi peke yake haitoshi," alisema. "Nilikuwa namfundisha wapi panakatika. Hakuna aliyemfundisha wapi pasikatwe. Hiyo hesabu haiwezi, inataka sikio la mtu." Aliinuka bila kuaga kikao, akaenda chumbani, na wote wakasikia kompyuta ya zamani ikikoroma kuamka.

Ijumaa asubuhi, chai ikiwa mezani, Fundi alifungua sanduku lake la barua. Zilikuwa nyingi hata akaingiwa na woga, lakini alitafuta za mkewe kwanza, akazikuta zimepangana. Alisoma ya mwisho kwa sauti.

"'Ndugu Mlezi. Upo? Hatukulaumu. Kama umechoka, tuambie umechoka, kuchoka si kosa. Tunachoomba ni kujua tu.'" Alinyanyua macho. "Hii unawaandikia wote?"

"Wote."

"Na hii ya chini? 'Tanbihi: nakupenda hata usipojibu.'"

Bi Upo alijishughulisha na sukari. "Hiyo ni ya mlezi mmoja tu. Ni kinyume cha kanuni."

Fundi aliisoma tena, safari hii kimoyomoyo, kisha akavuta kompyuta na kujibu. Hakuandika kwamba ataendelea kama zamani. Hilo aliona ni kujisifu. Aliandika yupo, kwamba aliondoka kwa aibu na hakuaga, kwamba anaomba radhi kwa waliobaki wanamngoja, na kwamba kasoro saba atazianza leo, ila hataki tena kulea peke yake. Bi Upo naye alimwandikia Katibu: mlezi amepatikana, alikuwa nyumbani kwangu, ni mume wangu, nilipaswa kusema mapema na sikusema, na kama nafaa kuondolewa kwenye kazi hii niondolewe. Alibonyeza kabla moyo haujageuka.

Katibu hakukawia. "Kanuni hazisemi kitu kuhusu walezi wanaopatikana sebuleni," aliandika. "Endelea na kazi, ila ukiwa na ndugu mwingine aliyepotea, useme. Na mlezi mwenza ni nani? Toleo linafungwa mchana."

Mume na mke walitazamana. Hawakuwa na mtu.

"Niandikeni mimi," mama alisema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, nywele hazijafungwa.

"Mama, wewe kompyuta hujui hata kuiwasha," alisema Fundi.

"Umesema inataka sikio. Masikio ninayo mawili. Utaniletea maneno, nitayasoma kwa sauti, nikicheka halikatwi. Au kuna kazi nyingine kubwa zaidi ya hiyo?"

Hakukuwa na kazi nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Bi Upo aliketi, akafungua fomu ya walezi wapya. Kwenye jina mama alikataa jina lake la kitambulisho. Alitaka iandikwe "Bibi yake Kadogo", na iliandikwa hivyo. Alitaka kuona kwa macho herufi zilivyokaa. Alisogea akainama nyuma ya mkwe wake, mkono begani pake.

"Kuna swali moja tu, mama," Bi Upo alisema. "Wanauliza: una uzoefu gani wa ulezi?"

Mama alifikiri. Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anachovya mkate kwenye chai huku anaimba.

"Andika nimelea mmoja," alisema. "Alisusa miaka mitatu. Jana amecheka."

Bi Upo akaandika hivyo hivyo.